Kila Niliposema Sawa

Jumatatu, 4 Machi
Mvua. Imeanza mchana, kubwa.

Mwalimu wa darasa la nne amewapa watoto kazi ya kuandika shajara mpaka mvua ziishe, na kila siku lazima waanze na hali ya hewa. Mwanangu mkubwa kanigomea. Haandiki mpaka na mimi niandike.

"Kwa nini na mimi?"

"Kwa sababu ukirudi kazini hufanyi kitu. Unakaa tu."

Huyu ndiye Hakimu. Jina alipewa na mama yake, kwa vile tangu mdogo alikuwa akikata kesi za nani kala zaidi na nani kalala upande wa nani. Sasa ana miaka kumi na hukumu zake hazina rufaa. Tumekubaliana hakuna kusomeana. Basi naandika. Mimi ni fundi vioo. Mke wangu alifariki Januari. Kichwa kilimuuma Jumanne, Ijumaa tukamzika. Nina wavulana wawili, Hakimu na mdogo wake wa miaka mitano, ambaye tunamwita Chura kwa sababu akiona mvua anaruka. Leo ameruka mpaka akaloa chupi. Nimembadilisha. Hayo ndiyo ya leo.

Jumanne, 5 Machi
Mvua. Kazini. Tumekula wali.

Alhamisi, 7 Machi
Mvua asubuhi, mawingu jioni.

Jirani wa mlango wa pili amekuja na vijana wake wawili wenye misuli.

"Nimefuata kabati, baba Hakimu."

"Kabati gani?"

"Ala! La vyombo. Si ulisema sawa? Watu wamejaa hapa, nikakuinamia nikakwambia mama Hakimu alishaniahidi lile kabati siku mkinunua jipya, ukasema sawa, jirani."

Sikumbuki. Sikumbuki kabati wala simkumbuki yeye. Katika siku zile za msiba nakumbuka viatu vingi mlangoni, na mtu aliyekuwa akinijazia maji kila nikimaliza glasi. Nikasema sawa, wakalibeba. Vyombo sasa viko sakafuni juu ya gazeti, na Chura amefurahi kwa sababu anafikia vikombe vyote.

Hakimu alikuwa bafuni muda wote huo. Alitoka walipokwisha kwenda, akapaangalia pale palipokuwa na kabati, akaanza kupanga sahani kwa ukubwa.

Jumamosi, 9 Machi
Mvua ya upepo.

Maji yameingia chumba cha watoto. Kioo cha dirisha lao kilivunjwa na mpira Desemba, nikaziba na boksi la sabuni. Mama yao alivunjika mbavu kwa kicheko. Fundi vioo mzima, anafunga vioo vya mji mzima, dirishani kwake boksi! Nikamwambia wiki ijayo. Leo nimelitoa boksi lililolowa nikaweka kavu.

Jumatatu, 11 Machi
Mvua.

Tajiri wetu pale karakana, mkono wa birika yule, kaniambia zamu ya Jumapili ni yangu msimu wote. Upepo unavunja vioo, wateja hawangoji Jumatatu. Nikamwuliza nani kapanga. "Wewe. Nilikuja msibani nikakuuliza, ukasema sawa."

Gundi akacheka. Gundi ndiye mwenzangu wa kazi. Tunamwita hivyo kwa sababu akikushika kwa maneno hubanduki. "Bwana wewe," akasema, "ukiulizwa kama ni ng'ombe utasema sawa, na utaanza kutafuta majani."

Jumatano, 13 Machi
Mvua kutwa.

Mlango umegongwa tukiwa mezani. Binamu yangu, koti la mvua, boksi mkononi, ndani ya boksi jogoo.

"Nasafiri kesho kikazi. Ulisema utanitunzia mpaka nirudi."

"Nilisema?"

"Sawa, binamu, lete. Maneno yako mwenyewe."

Jogoo atalala jikoni. Saa hizi anatembea, kifua mbele, anachungulia chini ya kila kiti. Chura kampa jina la Mkaguzi. Hakimu safari hii pia alikimbilia bafuni mlango ulipogongwa, chakula kikapoa. Nadhani tumbo linamsumbua. Nimemnunulia dawa. Amekunywa bila kubisha, jambo ambalo si la kawaida yake.

Ijumaa, 15 Machi
Mawingu tu.

Shemeji amepiga simu. Ni dada mkubwa wa marehemu, msusi, anaishi mji mwingine, mwendo wa saa mbili kwa basi. Nilipopokea akasema "haloo" na sauti ilikuwa ile ile. Ile ile kabisa. Nilishika ukuta. Halafu ikapita, sikusikia kitu tena, kama redio iliyozimwa.

"Yale tuliyokubaliana hayajabadilika, shemeji?"

"Sawa."

"Basi mvua zikikatika na shule zikifungwa, nakuja."

"Sawa."

Nilipokata ndipo nikajiuliza yapi hayo. Sikumpigia kumwuliza. Nitajua akija, kama nilivyojua ya kabati. Chura alinyang'anya simu, akakaa nayo sikioni ingawa hapakuwa na mtu. Nikamwacha.

Jumapili, 17 Machi
Mvua. Zamu. Vioo vya duka la dawa. Watoto nilienda nao, wakakaa ndani ya gari la kazi na jogoo.

Alhamisi, 21 Machi
Mvua.

Hakimu anamfundisha mdogo wake kufunga kamba za viatu. Juzi ilikuwa vifungo vya shati, na kabla ya hapo kuosha uso bila kumwagia maji kila mtu. Sahani anaosha yeye, asubuhi anaamka kabla yangu. Kitanda kimetandikwa kama cha hospitali. Wala simwambii.

Nimemwambia Gundi kwamba nina mtoto mwema. Gundi akasema mtoto wa miaka kumi hawi mwema bure, mwangalie vizuri. Nikamwambia aache umbea.

Jumanne, 26 Machi
Mvua. Ilituwahi tukiwa juu ya ngazi.

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo nikirudia kusoma nisijilaumu kwa mwandiko.

Tulikuwa tunafunga kioo kikubwa ghorofa ya pili, jengo la ofisi. Mimi nimeshika chini, Gundi juu. Tunapandisha taratibu, mvua inaanza, Gundi anapiga soga zake kuhusu shemeji yake anayedai kuona mizimu. Mara akanyamaza. Gundi kunyamaza ni jambo.

"Shusha," akasema.

Nikasema sawa, tukashusha.

"Tazama kioo."

Kioo kilikuwa na damu, kutoka chini hadi katikati, na mvua inaiteremsha. Nikamwuliza amejikata wapi.

"Ni yako, bwana," akasema. "Ni yako!"

Nikafungua kiganja. Kilikuwa kimepasuka kuanzia chini ya kidole gumba mpaka karibu na kifundo, na ndani palionekana. Glavu niliziacha kwenye gari. Sijui kwa nini, siku zote huwa navaa. Nilikuwa nakiangalia kama kiganja cha mtu mwingine. Gundi alivua shati akanifunga, ananitukana matusi yote anayoyajua na mengine aliyatunga hapo hapo.

Zahanati, daktari akaanza kushona, katikati akasimama akamwuliza muuguzi nani kanichoma sindano ya ganzi. Muuguzi akasema hajanichoma mtu, alikuwa bado anaitafuta. Daktari akaniuliza kama siumii. Nikasema siumii. Gundi, aliyekuwa amesimama mlangoni tumbo wazi, akasema, "Huyo ganzi anatembea nayo, daktari. Ameanza nayo Januari."

Alisema kwa utani, lakini hakucheka, na daktari hakucheka pia.

Nyumbani Chura alitaka kuona uzi. Nikamwonyesha. Hakimu akauliza nitapona lini, na tajiri atanifukuza au la, na kama nikifukuzwa itakuwaje. Nikamwambia sitafukuzwa. Akauliza, "Una hakika, au unasema tu?"

Ijumaa, 29 Machi
Mvua. Mapumziko ya mkono. Nimekaa.

Jumamosi, 30 Machi
Mvua. Mkaguzi ameacha kinyesi ndani ya kiatu changu.

Jumatano, 3 Aprili
Mvua kubwa kuliko zote.

Nitaandika yote, nione kama yataleta maana.

Shule ya chekechea ilifunga saa nne asubuhi kwa sababu maji yaliingia madarasani. Walinipigia. Simu ilikuwa mfukoni, inalia, nakumbuka ikilia. Nilikuwa karakana nakata vioo vidogo kwa mkono mmoja, nikaiacha ilie, kwa sababu ilionekana inalia mbali na hainihusu. Sina maelezo mengine.

Wazazi wote walikuja. Akabaki Chura na mlinzi, ndani ya kibanda cha mlinzi, maji yanafika kwenye ngazi. Mlinzi akatafuta namba nyingine. Mama yake alipomwandikisha aliandika namba ya dada yake. Shemeji akampigia jirani wa mlango wa pili, yule wa kabati, jirani akaenda na mwavuli akambeba mgongoni. Shemeji mwenyewe akafunga saluni, akaacha mteja kichwa nusu, akapanda basi.

Mimi nilirudi saa yangu ya kila siku. Nikawakuta wote sebuleni. Chura yuko mapajani kwa mama yake mkubwa, kavaa fulana ya kijana wa jirani inayomfika magotini, macho kafumba.

"Sema tena," anamwambia.

"Niseme nini, baba?"

"Chochote. Sema tu."

Naye anamsimulia habari za saluni, nani kaja, nani kataka nywele gani, na mtoto kafumba macho anasikiliza ile sauti. Mimi nimesimama na viatu vyenye maji. Nilijua kwamba hapo mtu angelia. Nilijitafuta, sikujikuta.

Shemeji hakunifokea. Afadhali angefoka. Alisema polepole, "Afadhali mvua ziishe upesi, nimchukue."

"Umchukue nani?"

Akainua uso. "Chura. Shemeji, si tulikubaliana? Nilikwambia siku ile, mimi Mungu hakunijalia mtoto, mdogo wangu ameniachia huyu mdogo, nipe nimlee, wewe ubaki na mkubwa aliyekwisha jua kujifuta. Ukasema sawa, shemeji. Ulinishika mkono ukasema sawa."

Kumbe ndiyo hayo.

Chumba amekwisha kipaka rangi. Kitanda kimechongwa. Shule ameona. Alikuwa anasema huku akimkausha mtoto masikio kwa ncha ya taulo, na alikuwa anaikausha mikunjo ya masikio vile vile alivyokuwa akifanya mdogo wake. Mimi huwa nayasahau masikio.

"Sawa," nikasema. Mdomo umezoea.

Hakimu alikuwa bafuni.

Alhamisi, 4 Aprili
Mvua.

Mtu asiyesikia simu ya mwanawe anamlea kwa kitu gani? Nimefikiria hilo kutwa, na jibu halinichomi. Yeye ana chumba, ana sauti, ana masikio ya watoto kichwani. Mimi nina vioo.

Jumamosi, 13 Aprili
Manyunyu.

Shemeji amekuja tena. Kila Jumamosi sasa. Chura tangu asubuhi yuko dirishani, ananyanyua boksi achungulie. Hakimu amekaa nje barazani na Mkaguzi, akasema ndani kuna joto. Hakuna joto. Shemeji alimletea Chura fulana na kalamu za rangi. Alipokuwa anaondoka alimpa Hakimu peremende, akampapasa kichwa kama mtu anayegusa kiti anapopita.

Jumapili, 14 Aprili
Mvua. Zamu. Mkono unashika vizuri, uzi umetolewa. Kovu halina hisia, daktari anasema itarudi au haitarudi.

Jumatatu, 22 Aprili
Mvua asubuhi, jua kidogo jioni. La kwanza.

Mlango uligongwa jioni. Alikuwa ni mtu wa maji, kuja kusoma mita. Akasoma, akaenda. Hakimu hakutoka bafuni. Nikangoja. Dawa ya tumbo imekwisha chupa nzima na bado. Nikamgongea.

"Tumbo tena?"

"Nani huyo? Kachukua nini?"

"Mtu wa mita. Hakuchukua kitu."

"Amekwenda?"

"Amekwenda. Fungua."

Akafungua. Hakuwa kwenye choo. Alikuwa amekaa ndani ya lile beseni kubwa la kufulia, nyuma ya pazia, magoti kidevuni, viatu miguuni. Nikamwuliza anafanya nini humo. Akawa anaangalia bomba.

"Baba," akasema, "mimi umenisemea sawa kwa nani?"

Sikuelewa. Akarudia, kwa utulivu wa mtu aliyeiuliza moyoni mara nyingi mpaka maneno yakalainika.

"Chura ulimsemea kwa mama mkubwa. Siku ile ya msiba nilikuwepo, nilikuwa nyuma ya kiti chako. Kabati kwa jirani. Wote wanakuja. Sasa mimi nataka kujua ni nani anakuja kunichukua, nijue kama anakaa mbali."

"Hakuna. Wewe sikukusemea kwa mtu."

"Utajuaje? Hata jogoo hukujua."

Nikakaa chini sakafuni, pale pale penye maji. Kila mlango ulipogongwa. Tangu kabati. Na mimi nanunua dawa ya tumbo, naye anakunywa. Kutandika kitanda, sahani, kumfundisha mdogo wake vifungo. Nikamwuliza yale ya vifungo yalikuwa ya nini.

"Ili akienda kule asisumbue. Akisumbua watamrudisha usiku peke yake." Akafikiri. "Na mimi nisisumbue ili usiniongeze kwenye vya kugawa."

Halafu akasema jambo ambalo silifuti. "Lakini mama mkubwa hakuniomba mimi. Alimwomba Chura tu. Mimi hakuna aliyeniomba."

Anaogopa kuchukuliwa, na hapo hapo inamuuma kwamba hakuna anayemtaka. Vyote viwili, ndani ya beseni moja. Nilitaka kumshika. Mkono ulikwenda ukafika begani, ukakaa pale kama mzigo. Ndicho nilichoweza. Yeye akauacha.

Jumanne, 23 Aprili
Jua na mawingu.

Nimeomba ruhusa kwa tajiri, nimezunguka. Nimekwenda kwa kila mtu ninayejua alikuja msibani, na wengine nisiowajua, nikiwauliza swali moja: siku zile nilikuahidi nini?

Watu wameniangalia kama mwehu. Jirani alishika mlango akidhani nimefuata kabati. Nikamwambia kaa nalo, nataka tu kujua kama kuna jingine. Akaona haya, akasema ulinipa na ufagio. Muuza magazeti anasema nilikubali kwamba timu yake ni bora kuliko yangu. Hilo nimelikana palepale. Mwalimu wa Hakimu anasema nilikubali kuja kuongea na darasa kuhusu vioo. Tajiri akasema nilikubali kupunguziwa mshahara. Gundi akamwambia mbele yangu, "Tajiri, mwogope Mungu," tajiri akasema alikuwa anatania.

"Na wewe je?" nikamwuliza Gundi.

"Mimi nilikwambia ulie. Ukasema sawa. Mpaka leo nangoja."

Nyumbani kwake hakuna msiba, angeweza kujiendea zake, lakini mtu huyu alinishusha ngazi nzima tumbo wazi kwenye mvua. Sikuwa nimemshukuru. Nimemshukuru leo, akaniambia niache ujinga nishike upande wa pili wa kioo.

Jioni nikamwita Hakimu. "Nimeuliza wote. Mtu kwa mtu. Hakuna."

"Wote?"

"Hata muuza magazeti."

Akaipima kesi. "Na Chura?"

Nikasema tutaona. Akasema, "Hiyo siyo hukumu."

Jumapili, 28 Aprili
Jua. Zamu. Nimemwambia tajiri hii ndiyo ya mwisho. Neno "hapana" lilitoka dogo, akaniambia nirudie, nikarudia.

Jumamosi, 4 Mei
Manyunyu mepesi, hata Chura hakuruka.

Shemeji hakuja, anamalizia chumba. Tumefunga kioo dirisha la watoto. Nilimpa Hakimu kipimo, akapima mara tatu, Chura kazi yake ilikuwa kunishikia gundi na aliishikia kichwani. Nilikata kwa mkono wangu mwenyewe. Kilikaa vizuri. Chura alilamba kioo kuona kama kipo. Nilitaka kumwita mama yao aje aone, nikafungua mdomo kabisa, jina lake likafika kwenye meno. Hakimu aliona. Akasema, "Hata mimi huwa hivyo."

Ijumaa, 10 Mei
Jua. Shule zimefungwa. Kesho anakuja.

Niandike ninachokijua ili kesho nisipotee. Shemeji atamlea vizuri kuliko mimi, hilo sibishi. Chura anataka kwenda; jana kaweka kalamu zake kwenye mfuko, kaniuliza kama kule mvua ipo. Mimi mwenyewe simsikii moyoni mwangu, wala kaka yake, wala mimi. Vyote hivyo vinasema sawa. Upande wa pili kuna beseni. Nikimtoa mmoja, huyu mwingine hatatoka bafuni maisha yake yote, hata akiwa na ndevu. Na mdogo naye atakua huko akijua kwamba baba yake alimpa mtu kama kabati, hakumbuki hata siku.

Nimejaribu kulisema mbele ya jogoo. "Hapana, shemeji." Mkaguzi kanitazama kwa jicho moja.

Jumamosi, 11 Mei
Jua kali. Hakuna wingu.

Aligonga tukiwa tumemaliza chai. Hakimu akaenda bafuni. Nilisikia komeo.

Shemeji alikuwa amevaa vizuri, amesuka upya, mkononi viatu vipya vya Chura na sweta ya shule ya kule. Chura akamrukia. Mfuko wake ulikuwa tayari mlangoni. Alikuwa kafunga kamba za viatu mwenyewe, vizuri, vile alivyofundishwa.

"Haya, shemeji," akasema, "basi la saa tano tusilikose."

Nikasema, "Hapana, shemeji."

Akadhani nakataa basi. "La saa saba litatufikisha jioni sana."

"Hapana. Chura haendi. Anabaki."

Akaketi. Viatu kaviweka mapajani. "Ulisema sawa."

"Nilisema. Nilisema sawa kwa kabati, kwa Jumapili zangu, na huyo jogoo unayemwona hapo. Siku zile angekuja mtu kuniomba kichwa ningemwinamia. Lakini aliyesema sawa hakuwepo, shemeji. Leo nipo kidogo, na nasema hapana. Samahani. Nisamehe sana."

Alicheka kwanza, kwa ajili ya jogoo. Kisha akalia, na akilia sauti si ya mdogo wake tena, ni yake peke yake. "Nimepaka rangi mara mbili," akasema. "Ya kwanza sikuipenda. Wewe umebaki na wawili. Mimi nimebaki na nani? Mdogo wangu alikuwa wangu kabla hajawa wako, nilimbeba mgongoni yule!"

Nilimwambia aje kila Jumamosi, alale, na likizo watakwenda kwake wote wawili. Akasema, "Wote wawili," kama mtu anayesikia idadi hiyo kwa mara ya kwanza, akageuka kutafuta kwa macho. "Mkubwa yuko wapi?"

"Bafuni. Anadhani kuna mtu kaja kumchukua."

Shemeji aliziba mdomo kwa mkono.

Ndipo Chura akaelewa. Alinyakua mfuko wake akauvuta kuelekea mlangoni. Nikasimama mbele. "Nataka kwenda na sauti ya mama!" Akapiga kelele, akanipiga miguuni, akasema hanitaki, mimi siongei, nyumba hii haiongei. Nikachuchumaa nimshike. Akaniuma. Aliukamata mkono wa kulia, palepale kwenye kovu, meno yote, na hakuachia.

Nikapiga yowe. "Aaa! Mama yangu!" Iliuma. Niliumia jamani, kiganja kizima, mkono mzima mpaka begani, na haikuishia hapo, ilipanda mpaka kooni ikafungua kitu, na machozi yakanitoka hayo, makubwa, sina la kuyazuia. Nililia mbele ya shemeji, mbele ya jogoo. Nilimlilia mke wangu kwa jina. Chura akaachia kwa mshangao, akatazama mkono, akatazama uso wangu.

"Imeuma?" akauliza.

"Imeuma sana."

Akauvuta mkono akaupuliza, kama mama yake alivyokuwa akiwapulizia. Komeo la bafuni likafunguka. Hakimu alisimama mlangoni na viatu vyake miguuni, akatutazama wote watatu tukilia, hakujua aanze na nani. Shemeji akanyoosha mkono upande wake, akasema, "Njoo, baba. Njoo hapa." Akaenda.

Basi la saa tano liliondoka bila mtu wetu. Shemeji kaondoka na la saa kumi, peke yake, sweta kaibeba, viatu kaviacha. Alikuwa hajanisamehe. Amesema Jumamosi atakuja.

Jumapili, 12 Mei
Jua. Mkono umevimba, unauma. Nimelala nao juu ya mto. Chura hajaongea na mimi mpaka mchana, halafu akaomba mkate.

Jumamosi, 18 Mei
Jua.

Hakimu anasema mwalimu alisema mvua zikiisha shajara inaisha, kwa hiyo leo ni mwisho, asiniongezee kazi mtu. Sawa. Hiyo nimeisema kwa akili yangu.

Asubuhi mlango uligongwa. Nikawaza huenda ni binamu amefuata jogoo, huenda ni shemeji kawahi basi la mapema, huenda ni mtu tu. Chura kijiko mdomoni. Hakimu aliweka kikombe chini, akaniangalia.

"Kuna mtu uliyemwahidi kitu?"

"Simkumbuki."

"Basi usiinuke," akasema. "Ngoja nimwulize anataka nini."

Akaenda kufungua yeye.